YAH: MALALAMIKO KUHUSU KEBO YA SIRIALI YA PINI 25 KWA 9 NA ADAPTA YAKE YA USB

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Kirumba, Mwanza. Niliagiza kwenu kebo ya nali modemu (ya kuunganisha kompyuta mbili moja kwa moja), jike la pini 25 upande mmoja na jike la pini 9 upande wa pili, pamoja na adapta ya USB kwenda siriali (tundu la zamani linalopitisha data biti mojamoja). Tangazo lenu linasema kebo ina "waya zote" na adapta inakubali "Windows zote". Mzigo ulikuja kwa basi, nikauchukua stendi ya Nyegezi. Madai yote mawili ya tangazo si kweli, na majibu niliyopewa kwa simu ndiyo yamenifanya niandike.

Kijana wenu aliniambia, "Kaka, hiyo mashine peleka makumbusho, tumia flashi." Naomba mumweleze kazi ilivyo. Mteja wangu ni chama cha ushirika cha wakulima wa pamba. Orodha yao ya zamani ya wanachama imo ndani ya IBM XT, kompyuta ya miaka ya 1980. Kisoma diski laini kimekufa. Diski kuu ni ya MFM, aina ya zamani, haichomeki kwenye kompyuta yoyote ya leo. USB yenyewe ilitoka mwaka 1996, sasa hiyo flashi niichomeke wapi? Majina yale yana mlango mmoja tu wa kutokea: tundu la siriali lililo nyuma ya mashine.

Adapta ina chipu ya PL2303 toleo la HXA. Mtengenezaji wa chipu hiyo alishaacha kuihudumia kuanzia Windows 8, na kwenye Windows 10 inaleta kosa namba 10 na kugoma. Kwenye Linux inafanya kazi, kwa hiyo niliendelea na kompyuta yangu ya Linux. Lakini nyinyi hamkuuza adapta ya Linux.

Kebo ndiyo iliyonipotezea muda. Kwenye DOS, mfumo endeshi wa XT, niliandika amri ya MODE kuweka COM1, yaani tundu la siriali, kwenye mwendo wa biti 9600 kwa sekunde, kisha amri ya COPY kupeleka faili COM1. Mashine ikakaa kimya, halafu ikaleta kosa la kuandika. Nikachukua mita. Pini ya 2 ya upande wa 25 ikalia na 2 ya upande wa 9, ya 3 na 3, ya 7 na 5. Hizo ni sawa kabisa, maana namba za pini za kutuma na kupokea zimepishana kati ya soketi hizo mbili. Nyingine zote, kimya. Nikafungua kofia ya plagi: waya tatu, na nafasi tele iliyobaki tupu.

Waya tatu zinatosha kwa programu isiyojali. DOS ikituma kupitia BIOS (programu ya msingi iliyo ndani ya mashine) inajali: inasubiri umeme kwenye DSR na CTS, ishara za "niko tayari" na "tuma", yaani pini 6 na 5 za soketi ya 25, na usipokuja hairuhusu hata herufi moja kutoka. Kebo kamili ingeleta ishara hizo kutoka upande wa pili. Ilibidi nichomelee pini za upande wa 25 mwenyewe kwa waya wa risasi, 4 na 5 pamoja, 20 na 6 na 8 pamoja, ili mashine ijijibu yenyewe. Na kwa kuwa hapo hakuna tena wa kusema "subiri", nikashusha mwendo hadi 2400. Majina yametoka. Yametoka kwa risasi yangu.

Kuna jambo kubwa zaidi. Nilipolalamika, mlinishauri nibadilishiwe kile kibao chenu kidogo cha TTL (siriali ya volti ndogo), "kinafanya kazi ileile". Hakifanyi! Kibao hicho kinataka volti 0 hadi 5, au 3.3. Kadi ya siriali ya XT inatoa takriban volti 12, chanya na hasi, na hata ikiwa imetulia bila kutuma kitu inakaa kwenye hasi. Anayefuata ushauri huo ataunguza kibao, pengine na USB ya laptopu yake. Na hata kikipona, ishara zake zimegeuzwa, atasoma takataka.

Ninachotaka ni hiki. Nirudishiwe pesa ya adapta na ya kebo, pamoja na nauli ya mzigo. Vifaa nitavirudisha kwa basi kwa gharama yenu. Tangazo la kebo liandikwe pini ipi inakwenda wapi, na la adapta litaje chipu na toleo lake. Neno kwamba TTL ni sawa na RS-232, yaani siriali ya volti kubwa kama ya XT, liondolewe leo, msisubiri kumalizana na mimi.

Nimeambatanisha nakala ya risiti na picha ya plagi iliyofunguliwa. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Likikosekana, barua hii na viambatanisho vyake vitakwenda Tume ya Ushindani.

Wako,
Fundi kompyuta,
Kirumba, Mwanza.