Picha ya Ziwa Ngozi iandikwe na saa ya kupanda

Mhariri,

Nauza chai na viazi vya kuchemsha hapa Isongole, wilayani Rungwe, pale magari ya Mbeya kwenda Tukuyu yanaposhusha watu wa Ziwa Ngozi. Jiko langu limeelekea barabarani. Kila anayeshuka namwona kabla hajaulizia njia, na mimi huanza kumtazama miguuni.

Wazungu hawanipi shida. Wanafika saa mbili asubuhi na buti zao na fimbo mbili mbili, wanasalimia, hawanunui kiazi hata kimoja maana wamebeba karanga zao, wanakwenda. Wanaoninyima usingizi ni watoto wetu wenyewe. Wanashuka saa nane, saa tisa, fulana nyepesi, simu mkononi, na picha ya ziwa wameshaiona mahali.

Mwezi wa saba mwaka jana walishuka wanne, wanachuo, Jumamosi, saa tisa na robo. Binti mmoja alivaa ndala zenye shanga, nzuri kweli, za kuendea harusini. Walinipa shikamoo vizuri, nikawaambia wanangu, leo mmechelewa, laleni Tukuyu mje kesho asubuhi. Mmoja akacheka: "Mama, si kilima tu?" Wakapanda bodaboda mpaka mwanzo wa msitu.

Sasa nikieleze hicho kilima. Ukingo wa Ngozi umefika mita 2,620 kutoka usawa wa bahari. Ziwa limo ndani ya shimo la volkano, kama uji chini ya chungu, kwa hiyo unapanda msituni bila kuona dalili yoyote ya maji mpaka uchungulie ukingoni. Kushuka hadi kwenye maji ni kama kushuka ukuta. Wengi wanadhani watakuta ufukwe kama ule wa Matema, kule Ziwa Nyasa. Na njia ya kupandia ni mizizi na udongo unaoteleza hata kiangazi, kati ya mianzi na migomba mwitu, mahali ambapo jua la saa kumi haliingii.

Halafu kuna ukungu. Hewa yenye maji inatoka Ziwa Nyasa, inapanda, inagonga milima yetu ya Rungwe na Poroto, inapoa. Ndiyo maana chai na ndizi zinastawi huku, na ndiyo maana mchana ukishasogea kilele kinaweza kufunikwa wakati wewe bado unatafuta pembe ya kupigia picha. Wanne wale ziwa hawakuliona. Waliona weupe mtupu.

Saa moja usiku yule wa bodaboda alirudi peke yake, akasema amesubiri pale walipopatana hawakutokea. Vijana watatu wa hapa wakachukua tochi. Waliwakuta karibu saa tatu, wamefuata njia ya wakata kuni, wamekaa chini ya mti, simu tatu zimezima. Binti ana ndala moja, mguu wa pili amefunga skafu. Walipofika kwangu nilimpa kikombe cha chai. Hakunywa. Alikishika kwa mikono miwili mpaka kikapoa, nikataka kumwongezea ya moto akakataa kukiachia. Baridi ya Isongole mwezi wa saba wenyeji tunaijua, tena sisi tuna masweta.

Mhariri, ombi langu ni dogo. Magazeti yanapenda picha ya lile ziwa, yale maji ya kijani, na chini yake yanaandika "kivutio kilichojificha". Sawa, kimejificha. Lakini andikeni na saa: mtu awe ameanza kupanda kabla ya saa nne asubuhi, avae viatu vya kufunga, abebe sweta, achukue kijana wa kijijini wa kumwongoza na wapatane bei kabla ya kuondoka. Ni mistari miwili tu. Nasi hapa njia panda tukipata kibao chenye maneno hayohayo, nitakifuta vumbi mwenyewe kila asubuhi. Makondakta nao wangesaidia, maana wao ndio wanaomwambia mtu "Ngozi hapa, shuka" saa kumi jioni bila hata kumtazama miguuni.

Najua kuna atakayesema mama anatafuta wateja wa asubuhi. Ni kweli, anayeshuka mlimani mchana ana njaa na anakula viazi vingi. Anayeshuka saa tatu usiku akitetemeka simtozi.

Ile ndala ya pili waliiokota akina mama wa kuni wiki iliyofuata. Nimeitundika hapa kibandani, shanga zote zipo isipokuwa mbili. Mwenyewe akisoma barua hii aje kuichukua, ila aje asubuhi.

Mama wa viazi,
Isongole, Rungwe