Barua kwa mdogo wangu anayekwenda kuchimba

Mdogo wangu,

Hongera kwa nafasi ya mafunzo ya akiolojia ugenini. Kabla hujalipa ada, peleka muhtasari wa kozi idarani kwako, wakujibu kwa maandishi kama alama zake zitahesabiwa. Ubalozini uliza kama unahitaji viza ya masomo. Ya utalii huenda isitoshe. Chanjo ya pepopunda usiiache ikapita.

Mwiko wa kuchimbia, kama ule wa mwashi, nunua wako mwenyewe, wa inchi 4, bapa na shina lake vikiwa chuma kimoja. Wa ribiti hung'oka. Unakwangua kwa ukingo, ukivuta kuja kwako huku unarudi nyuma, usije ukakanyaga ulipokwisha kusafisha. Kuchokonoa kwa ncha ndiko kunakovunja vigae, yaani vipande vya vyungu.

Sasa sikiliza hili. Utakuwa unashusha mraba wako, yaani eneo ulilopewa kuchimba, taratibu, mara litokee doa jeusi kidogo, laini, la ukubwa wa sahani. Simama hapo hapo. Huenda ni shimo lililochimbwa zamani likatoboa tabaka la chini, na udongo uliolijaza ni wa baadaye kuliko unaolizunguka. Ukishusha mraba wote sentimita 10 bila kulitenga, kigae cha juzi kitaingia mfuko mmoja na vya kale, na umri wa tabaka utapotoka. Kulirekebisha kosa hilo haiwezekani, maana udongo umeshakwenda na karai. Nyunyiza maji, tia kivuli, rangi zitajitenga. Chora mpaka wake kwa ncha ya mwiko (hapa inaruhusiwa), lipe namba na mifuko yake, kisha chimba nusu tu; ukuta wa nusu iliyobaki utakuonyesha umbo lake. Piga picha, chora kwa kipimo cha 1:10, ndipo umalizie.

Kila mfuko una lebo mbili, moja ndani, moja nje, kwa sababu maandishi ya nje hufutika. Mkaa wa kupimia umri usiuguse kwa vidole: uchukue kwa mwiko, uufunge kwenye foili. Vigae husuguliwa kwa mswaki laini, ila chenye masizi au mabaki ya chakula kiache kama kilivyo. Chuma hakioshwi kabisa.

Na picha ya ulichokiokota usiirushe mtandaoni kabla mkuu wa uchimbaji hajaruhusu. Wezi wa mambo ya kale nao wana simu.