Barua kwa mwanangu: kwa nini mama yako anasoma kila kitu

Mwanangu Idrisa,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi huku Dar hatujambo. Bibi yako anauliza kama baridi ya Arusha unaiweza, na dada yako amemaliza mitihani, anasubiri matokeo.

Juzi kwenye simu uliniomba nipunguze kukutumia vitu vya kusoma. Ulisema wewe ni mtu wa programu, na kwamba ndani ya wiki moja nimekurushia habari za reli ya TAZARA, hotuba ya bajeti, santuri za taarabu na vita vya Yemen, wala huoni mhandisi wa mawasiliano kama mimi anatafuta nini huko. Swali lako nimelichukua kwa uzito, na halijibiki kwa simu.

Nianze na kazi yenu. Uliponieleza kwamba bili ya meseji za kuwakumbusha wafugaji siku za chanjo imepanda karibu mara tatu na hakuna aliyejua sababu, nilikuomba unitumie meseji yenyewe kama ilivyo. Ilikuwa na herufi 150 hivi, imeandikwa vizuri, na ndani yake mna neno ng'ombe. Kilichowaponza ni ile ritifaa, kile kialama cha juu kati ya ng na o. Mtaalamu wenu wa mifugo aliyaandika maneno yake kwenye programu ya kuandikia barua, na programu hizo huipinda ritifaa zenyewe ili ipendeze. Mkanakili, mkabandika. Ritifaa iliyonyooka imo katika herufi za kawaida za meseji. Iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, meseji nzima inahamia mfumo mwingine, ambamo kila alama huchukua biti 16 badala ya 7, na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Meseji ikizidi hapo hukatwa vipande, na kila kipande hubaki na herufi 67, kwa sababu nafasi nyingine hutumika kuviunganisha. Gawanya 150 kwa 67 uone. Mlikuwa mnalipia meseji tatu kwa kila mfugaji.

Mlirekebisha mkaendelea na mengine, na ni sawa. Mimi ndipo hamu iliponipanda. Kwa nini 160, si 200? Nikasoma habari za Friedhelm Hillebrand, mhandisi wa Kijerumani, ambaye mwaka 1985 akiwa Bonn alikaa mbele ya mashine ya chapa akaandika sentensi za kila namna huku akihesabu herufi, namba na nafasi. Karibu zote hazikuvuka 160. Mtandao nao ulikuwa na upenyo wa baiti 140 tu, kila baiti ikiwa biti nane, na ukizipa herufi biti saba saba, baiti 140 zinatosha herufi 160 kamili. Hesabu safi kabisa. Lakini ile orodha ya herufi zilizoruhusiwa mtu alikaa akaichagua. Waliweka za Kijerumani, za lugha za Skandinavia, hata herufi kubwa za Kigiriki. Kiamhari hakimo, Kiarabu hakimo. Mpaka leo mtu wa Addis Ababa akiandika kwa herufi zake anapata 70 pale ambapo wewe unapata 160.

Sisi tulipona, na hatukupona kwa kufikiriwa na mtu. Washairi wa Pate, Lamu na Mombasa waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa. Wakaja wamisionari na herufi za Kirumi, utawala wa Wajerumani ukazishika, kisha mwaka 1930 Waingereza wakaunda kamati ya lugha kwa nchi zao za Afrika Mashariki, Kiunguja kikawa ndicho kipimo cha Kiswahili sanifu, tahajia ikawekwa sawa. Mambo hayo yangekwenda vingine, mfugaji wako angekuwa anasoma meseji ya herufi 70. Sasa niambie, hapo uhandisi umeishia wapi, siasa ikaanzia wapi? Mimi mpaka huo nimeutafuta miaka yote niliyofanya kazi hii, sijauona.

Umeuliza kuhusu Yemen. Nilianza kuifuatilia Novemba 2023, Wahouthi, wapiganaji wa kule Yemen, walipoiteka meli ya Galaxy Leader katika Bahari ya Shamu. Kwenye ramani ya kebo za chini ya bahari, mlango wa Bab el-Mandeb ni mwembamba sana, na intaneti yetu inayokwenda Ulaya kwa upande wa kaskazini inapita pale. Februari 2024 meli nyingine, Rubymar, ilipigwa kombora, ikaachwa inaelea na nanga iko chini. Siku chache baadaye kebo tatu zikakatika, SEACOM ikiwa mojawapo, na inaaminika ni nanga ile iliyozikokota. Kutengeneza kebo mahali pale kunataka kibali, na Yemen ina mamlaka mbili zinazopigana. Nilipoyasoma hayo niliandika maombi kazini tupate nafasi ya akiba kwenye njia ya nchi kavu, ile inayopita Kenya kwenda kwenye kebo za Mombasa.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo za SEACOM na EASSy zikakatika kwa pamoja upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Unaikumbuka siku ile, picha hazifunguki, miamala inakwama, watu wanazima simu na kuziwasha wakidhani bando limeisha. Kaskazini palikuwa hapajapona, kusini pamekatika. Kilichowabeba wateja wetu wa hospitali ni ile njia ya Kenya. Chuoni nilisoma mwanga unavyosafiri ndani ya nyuzi na unavyofifia kila kilomita, na nashukuru, nautumia kila siku. Lakini uamuzi ule ulitokana na habari za kimataifa nilizokuwa nasoma usiku baada ya kuosha vyombo.

Hotuba ya bajeti sitaki kuirefusha. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha tozo ya miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, ikaanza kukatwa Julai, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30 baada ya malalamiko. Kila aliyekuwa na mfumo wa malipo alibadilisha hesabu zake mara mbili ndani ya miezi mitatu. Waliosoma hotuba mwezi Juni walikuwa wamejiandaa. Hilo tu.

Reli ndiyo ninayotaka uielewe, kwa sababu inakuhusu kuliko unavyodhani. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliianza hapa Dar mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, ile ya kwenda Zambia, ina 1,067. Tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vyako vinne. Kwa milimita hizo behewa la reli moja haliwezi kupita kwenye nyingine. Mwaka 1998 ilibidi kiwekwe kituo pale Kidatu cha kuhamishia mzigo kutoka behewa la reli hii kwenda behewa la reli ile.

Ukiwauliza wengi watakuambia ni uzembe wa kupanga. Si kweli. Mwaka 1965 walowezi wa Kizungu wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao, na shaba ya Zambia ikawa imekwama, maana njia yake ya baharini ilipita kwao. Nyerere na Kaunda wakatafuta wa kujenga reli ya kwenda Dar. Benki ya Dunia ikasema haina faida. China ikakubali mwaka 1967, kwa mkopo usio na riba, na kati ya 1970 na 1975 wakajenga kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Wachina kwao hutumia reli ya milimita 1,435. Hapa walijenga ya 1,067 kwa sababu ndiyo ya Zambia, na ya nchi zote zilizoko kusini mwake. Reli ile ilichaguliwa iweze kuungana na kusini siku kusini kutakapokuwa huru. Mimi nikisimama pale stesheni ya TAZARA nikiangalia zile nguzo kubwa, naona nchi maskini sana iliyokubali taabu ya Kidatu ili jirani yake asinyongwe. Naiheshimu sana hesabu ile. Na sasa tunayo SGR, reli mpya ya umeme, milimita 1,435, inayokwenda Dodoma tangu 2024. Reli tatu ndani ya mji mmoja, na kila moja imebeba zama zake.

Inakuhusu hivi. Uliniambia mmejitungia utaratibu wenu wa namba za utambulisho wa mifugo, kwa sababu ni rahisi kuuandikia programu. Ng'ombe wa Longido huvuka kwenda Kajiado, Kenya, kufuata malisho, mpaka hawaujui. Upande wa pili kuna madaktari wa mifugo wenye namba zao, na wizara hapa ina zake. Umekaa nao? Umeuliza nani atakuja kuunganisha hizi na zile baada ya miaka 20, na kwa gharama ya nani? Mkiamua kwamba tofauti hiyo inafaa, iamueni mkijua, kama walivyojua wale wa 1967. Nisichotaka ni mwanangu aweke milimita 67 njiani mwa watu kwa sababu tu hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta.

Halafu taarabu. Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyekuja mjini Unguja kuuza vyungu, alipelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodiwa santuri. Maikrofoni za umeme zilikuwa na miaka michache tu tangu zianze kutumika, 1925. Santuri ya wakati ule ilibeba kama dakika tatu kila upande. Wewe umewahi kukaa kwenye taarabu ya bibi yako, unajua dakika tatu ni ala tu zinapokezana, mwimbaji hajaanza. Kwa hiyo wimbo ulibidi upunguzwe uingie kwenye sahani. Hata hivyo, sahani zile zilienda pwani nzima, watu wakasikia mtu wa chini, wa ukoo wa watumwa, akiimba kwa Kiswahili habari za uonevu na mahakama. Mashine ilikata urefu wa wimbo na hapo hapo ikaupa miguu. Ninapoisoma historia hiyo nafikiria kila chombo tunachowapa watu, kinawabana wapi na kinawafikisha wapi.

Ndiyo maana nakuuliza, wazee wa kule Longido wanazisoma hizo meseji zenu? Wengi ninaowafahamu simu ni ya kupokea na kupiga, meseji husomewa na mtoto akirudi shule. Labda chanjo itangazwe kwa sauti, kwa Kimaasai, na mtu ambaye sauti yake wanaijua. Sijui mtaamua nini, lakini swali hilo hutalipata ndani ya programu. Utalipata kwa kukaa kwenye boma, au kwa kusoma waliokaa.

Nisikufiche pia ninavyosoma, kwa sababu mtandaoni kuna takataka nyingi, na kuna watu wanaolipwa kuzitupa. Jambo likinikasirisha sana naliacha mpaka kesho yake. Namtafuta anayepinga ninachokiamini, lakini awe anayeijua kazi anayoisemea. Sheria naisoma yenyewe, sisomi maoni juu ya sheria. Na naandika kwenye daftari, kwa mkono, kwa Kiswahili, kwa sababu jambo nisiloweza kulieleza kwa lugha ya nyumbani najua bado sijalielewa. Daftari hizo ziko kabatini, siku ukija zichukue.

Sasa hivi nimezama kwenye Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji. Mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115, na mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Kilichonishika zaidi ni aliyejenga. Mkataba wa Desemba 2018 walipewa Arab Contractors na Elsewedy Electric, kampuni za Misri. Misri na sisi tuna neno la zamani. Mwaka 1929 Uingereza ilikubaliana nayo kwamba makoloni yake yasiguse maji yanayoingia Nile bila ridhaa ya Cairo. Nyerere aliukataa mkataba ule baada ya uhuru, na mwaka 2004 tukaanza kujenga bomba la kupeleka maji ya Ziwa Victoria Kahama na Shinyanga bila kumwomba mtu ruhusa. Lakini Rufiji haiipi Nile hata tone moja, inamwaga Bahari ya Hindi. Basi kwa nini Wamisri waliitaka kazi ile kwa nguvu vile, na kwa nini sisi tuliwapa wao? Mimi nina maelezo mawili na bado yanagombana. Soma kuhusu mkataba wa Entebbe wa 2010, wa nchi za bonde la Nile, na bwawa la Ethiopia lililoanza kujengwa mwaka uliofuata, kisha nipigie Jumapili jioni, baada ya Isha, uniambie wewe unaonaje. Dada yako naye amesema atakuwepo, na ameshachagua upande.

Mama yako