Barua ya wazi: Mheshimiwa, friza ya mayai tutaipata lini?

Mheshimiwa unayesimamia mazingira ya ziwa letu la Tanganyika, shikamoo. Najua umebanwa na kazi, na maadhimisho nayo yanahitaji fulana mpya.

Juzi wamechoma tena. Korongoni, juu ya mwalo wa Kibirizi: televisheni za chogo, makava ya kompyuta, sponji za viti vya magari, nyaya zinazosakwa shaba. Moshi mweusi ukatushukia hadi kwenye vichanja vyetu vya dagaa. Mteja wangu wa Tabora alinusa kiganja kimoja tu, akaliacha gunia: "Mama, dagaa hawa wananuka plastiki." Mkopo wa kikundi unanisubiri mimi, haukusubiri wewe.

Ulipokuja uliahidi sampuli zitachukuliwa. Zilichukuliwa picha.

Plastiki na sponji za zamani zilitiwa kemikali za kuzuia moto, nyingine za jamii ya PBDE. Zikiingia ziwani haziozi upesi. Hujikusanya kwenye mafuta ya samaki, zikampanda ndege anayemla, naye jike akazishusha kwenye kiini cha yai. Ndiyo maana Kanada, kwenye maziwa yao makubwa, huokota mayai ya shakwe, ndege wa majini, kila mwaka tangu miaka ya 1970 na kuyagandisha ili yaweze kupimwa hata baadaye. Walipoyapima ya 1981 hadi 2000, waliona PBDE zikipanda tu. Tanzania nayo iliridhia Mkataba wa Stockholm, ule wa dunia wa kukomesha kemikali sumu zisizooza upesi, mwaka 2004, na mwaka 2009 baadhi ya PBDE zikaingizwa humo ili zikomeshwe. Saini tunayo. Muokota mayai hapa kwetu sijamwona bado.

Na Tanganyika si bwawa, Mheshimiwa. Kina chake kinafika mita 1,470, na mlango wake wa kutokea ni Mto Lukuga peke yake, kule Kongo. Kinachoingia humu watakikuta vitukuu. Wapo wanaosema samaki wetu migebuka wameadimika kwa ajili ya moshi huu. Mimi nahisi kuna ukweli, ila wa kunibishia au kuniunga mkono kwa vipimo ni ninyi.

Maabara siombi. Naomba friza moja, mtu wa kuokota mayai machache ya ndege wanaokula samaki kila msimu, na daftari la kuandika wapi na lini. Vipimo vije hata baadaye. Na moto wa korongoni uzimwe, lakini hilo nimeshalisema sana. Friza, Mheshimiwa. Lini?

Mchuuzi wa dagaa,
Kibirizi, Kigoma