Chanjo si "mambo ya Wazungu"

Ndugu Mhariri,

Nimesoma habari yenu iliyosema chanjo ilianza na Edward Jenner wa Uingereza mwaka 1796. Ni kweli Jenner alimchanja mtoto wa miaka minane kwa usaha wa ndui ya ng'ombe, uliotoka mkononi mwa msichana mkamua maziwa. Lakini miaka 75 kabla yake, ndui ilipouvamia mji wa Boston huko Amerika, waliochanjwa walifuata maelezo ya Onesimus, mtumwa Mwafrika aliyechanjwa kwao: ngozi inakatwa kidogo, kisha inapakwa usaha wa mgonjwa. Njia hiyo ilikuwa na hatari zake, na hapo ndipo Jenner anapostahili sifa: ndui ya ng'ombe aliyoitumia ilikuwa salama zaidi.

Hapa Mikindani bado nasikia watu wakisema sindano ni "mambo ya Wazungu". Mama yangu, mwenye kovu la chanjo ya ndui begani, huishia kucheka. Neno "chanjo" lenyewe si linatokana na kuchanja? Na chale nani hazijui huku kwetu!

Naomba wauguzi wa Mtwara wasimulie habari za Onesimus siku ya kliniki, asubuhi, kabla mizani haijatundikwa na akina mama hawajaanza kugombea foleni.

Msomaji wenu,
Mikindani, Mtwara