Taarifa ya mwenyekiti kwa mwaka 2025: hija ya Roma

Ndugu wanachama, Tumsifu Yesu Kristo.

Hesabu atazisoma mtunza hazina, mimi nieleze mwaka ulivyokwenda, na mwaka wenyewe ulikuwa hija ya Roma basi, maana vikao vyote vingine vilikuwa vya kuipanga hiyo hija na kubishana nani analala chumba kimoja na nani.

Tulikwenda watu 23, mwezi wa tisa. Kwa ambao hamkuwepo, ulikuwa Mwaka wa Jubilei, ile inayokuja kila baada ya miaka 25, na Milango Mitakatifu, ile inayofunguliwa mwaka wa Jubilei tu, ilikuwa wazi kwenye basilika zote nne kubwa: Mt. Petro, Mt. Paulo nje ya Ukuta, Mt. Yohane Laterano na Bikira Maria Mkuu. Kwa Mt. Petro kikundi kinajiandikisha mapema kwenye intaneti, bure kabisa, halafu siku ikifika mnakabidhiwa msalaba wa mbao mnautanguliza mkisali kutoka barabara ya Conciliazione mpaka mlangoni. Nilishampanga katibu aubebe mwanzo mwisho, ila hatukufika mbali akina mama wakaanza kumpokea, huyu hatua chache, yule hatua chache, katibu akabaki na kitabu cha sala tu.

Sasa kosa langu. Mimi ndo niliyeng'ang'ania tuzunguke makanisa saba ya hija ya Roma kwa miguu siku moja, eti kwa vile Mt. Filipo Neri, padre wa Roma, alikuwa anawapeleka watu hivyo karne ya 16. Jamani ni kilomita ishirini na zaidi! Na Mt. Filipo alikuwa anawapumzisha watu wake wanakula, wanaimba, hicho kipande mimi nilikiruka. Tulipotoka kanisa la San Sebastiano kule barabara ya Via Appia kundi zima lilikuwa kimya, na mnalijua kundi letu, likinyamaza kuna jambo. Kufika Laterano, kanisa la nne, mama mmoja akakaa chini akasema niitieni teksi, miguu imekwisha.

Basi ng'ambo ya barabara pale ndo kuna Ngazi Takatifu, zile ambazo kwa mapokeo Bwana Yesu alizipanda kwa Pilato na Mt. Helena, mama yake Kaisari Konstantino, akazileta Roma. Ziko 28, za marumaru iliyofunikwa mbao, na hazipandwi ila kwa magoti. Yule yule mama wa teksi akakunja sweta yake akaiweka chini ya magoti, ngazi moja, sala, anaisogeza sweta, ngazi nyingine. Mimi nilipanda zile za pembeni za kutembea kwa miguu, sioni haya kusema. Makanisa matatu yaliyobaki tulienda kwa basi kesho yake.

Bikira Maria Mkuu foleni ilikuwa ndefu sababu ya kaburi la Papa Fransisko, alizikwa humo tarehe 26 Aprili. Jiwe limeandikwa FRANCISCUS basi, na mnapita huku mnatembea, hamruhusiwi kuganda. Kuna waliorudi foleni mara mbili.

Yaliyotuudhi: wakala hakutuambia kwamba Roma kila mgeni anatozwa ushuru wa jiji kwa kila usiku, tukadaiwa wote mapokezi siku ya kuondoka basi limeshawasha injini. Pia mwenzetu aliibiwa pochi kwenye metro, ile treni ya chini ya ardhi, pasi ya kusafiria ilibaki hotelini Mungu saidia. Na wawili walizuiwa mlangoni mwa kanisa kwa nguo za kuacha mabega wazi, hilo nililisema kwenye vikao vitatu.

Wanaoniuliza kama tunarudi mwaka huu kupita Mlango, hapana, wa Mt. Petro ulikuwa wa mwisho na Papa Leo XIV ameshaufunga tarehe 6 Januari 2026. Ila Ngazi zipo, katakombe, yale makaburi ya chini ya ardhi ya Wakristo wa kwanza, zipo, na safari nyingine ratiba ataandika mtu mwingine, sio mimi.

Wale saba niliowakopesha euro za ushuru pale mapokezi, mnajijua, mleteeni mtunza hazina kabla ya mkutano mkuu.