Risala ya bendi ambayo bado haina jina

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, mzee chifu, pasta, wazazi wetu, wamama wa chama ambao pilau yenu tumeisikia harufu tangu saa nne, na vijana wenzangu wote, hamjamboni.

Mimi ndiye naimba kwa hii bendi. Wenzangu walinichagua nisome risala juu wanasema ndio naongea sana, na sibishi. Nimepewa dakika kumi.

Mheshimiwa, karibu Kaptembwo. Tuko wanne, mimi, wa gitaa, wa besi na wa drami, na tunapiga roki. Ndio, roki, haukusikia vibaya. Najua kwa hiyo karatasi ya ratiba wameandika tu burudani ya vijana na pengine ulitarajia sarakasi, lakini ndio sisi hao, na hizi spika umezipita hapo mlangoni si za disko.

Tulianza mwisho wa 2022 tukiwa wawili, mimi na wa drami. Yeye alijifunzia drami kanisani kama karibu kila mtu anapiga drami hii Nakuru, yaani Jumamosi jioni akiachiwa kanisa afagie anafagia dakika tano halafu anakaa kwa drami saa nzima, na Jumapili watu wakishangaa mbona chini ya viti kuna karanga hakuna mtu anajua. Mimi nilikuwa kwaya, mwalimu wa kwaya akasema sauti yangu inakwaruza, nikapelekwa mstari wa nyuma, halafu nyuma ya mstari wa nyuma. Wa gitaa alikuwa anajifunza kuchomelea mageti jua kali na alikuwa na gitaa ya mtumba yenye nyuzi nne, zile mbili zilipungua akaweka waya wa breki ya baiskeli, na nakuambia mheshimiwa ule waya unakata vidole kama kisu lakini sauti inatoka. Wa besi hakuwa ameshika besi maisha yake yote, alipewa tu juu ndiye alifika mwisho.

Sasa mahali pa mazoezi. Hiyo ndio hadithi yenyewe na nitaomba nikae hapo kidogo.

Tulianzia kwetu nyumbani, mama akavumilia siku mbili. Tukaenda kwa kina wa besi, jirani ana mtoto mchanga, ikaisha. Tukaambiwa tujaribu kando ya barabara, stima tutatoa wapi? Mwishowe mzee mmoja wa kisiagi akatuambia kitu ambacho sijawahi sahau, akasema hapa kwangu mashine inanguruma mchana kutwa na hakuna jirani amewahi lalamika, nyinyi kujeni mkanguruma usiku. Basi tangu hapo tunafanya mazoezi kwa kisiagi, kuanzia saa mbili usiku wateja wakiisha hadi saa nne, tukiwa kati ya magunia ya mahindi. Amplifaya yetu ya sasa ni sabwufa ya zamani ambayo fundi wa redio aliifungua akaigeuza. Unga unaingia kila mahali, unaingia kwa spika, unaingia kwa nyuzi, wa drami akipiga ile ngoma ya chini unga unaruka juu kama moshi na tukitoka hapo usiku tunakaa wazee wa miaka themanini. Nikianza kuimba nakohoa kwanza. Lakini mzee hajawahi tuitisha hata shilingi ya stima, na leo amekuja, ndiye yule ameketi karibu na mlango, tunamshukuru sana.

Mheshimiwa, kuna maneno matatu tunaambiwa na nilikuwa nimeyaandikia majibu marefu lakini nitafupisha. Tunaambiwa hii ni kelele. Sawa, ni kelele. Tunaambiwa ni ya wazungu. Hapo sasa hapana. Roki imetoka kwa watu weusi wa Marekani, imetoka kwa muziki wao wa bluzi na kwa nyimbo za kanisa, na kabla hao wote mnawaona kwa fulana hawajazaliwa kulikuwa na mama mmoja anaitwa Sister Rosetta Tharpe, mtoto wa kanisa kabisa, miaka ya 1930 na 1940 alikuwa anamwimbia Mungu akiwa na gitaa ya stima shingoni. Na hapa Afrika, Zambia, miaka ya 1970 vijana walikuwa wanapiga roki yao wenyewe hadi ikapewa jina lake, Zamrock, bendi ikiitwa WITCH ikiongozwa na Jagari Chanda. Kwa hivyo sisi hatujaanza kitu, tumechelewa miaka hamsini.

La tatu ni kwamba ni ya shetani. Pasta, samahani, bendi ninayotaka kuitaja sasa inaitwa Black Sabbath, lakini nisikilize kwanza.

Hao walikuwa vijana wanne wa Aston, huko Birmingham, Uingereza, mtaa wa viwanda, na ukisoma maisha yao unaona kabisa ni watu wa jua kali tu ila baridi ndio mingi. Mwimbaji, Ozzy Osbourne, alifanya kazi kichinjioni, akafanya kazi ya kujaribu honi za magari kiwandani, akaiba, akakosa pesa ya faini akafungwa wiki sita. Alipotoka akabandika tangazo kwa duka la ala za muziki kwamba anatafuta bendi na ako na vyombo vyake vya sauti, na nadhani ni hivyo vyombo vilifanya wamtafute. Wa gitaa, Tony Iommi, alikuwa anakata mabati. Akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kabisa ya kazi, alikuwa aende Ulaya na bendi, mashine ikamkata ncha za vidole viwili. Na juu yeye ni wa mkono wa kushoto, vidole vilikatika ni vile vya kulia, vile vya kubonyeza nyuzi. Kila mtu akamwambia imeisha. Yule msimamizi wake wa kazi akamletea sahani ya muziki ya Django Reinhardt, aliyekuwa akipiga gitaa na vidole viwili baada ya kuungua na moto. Basi Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea kofia ndogo za vidole, akazivika ngozi, akaweka nyuzi nyembamba za banjo juu zile za kawaida zilikuwa zinamuumiza, na baadaye akazilegeza nyuzi zenyewe zikawa na sauti nzito. Ile sauti nzito mnayosema ni ya shetani, pasta, ni ya mtu aliyeumia kazini.

Walianza 1968. Wakajiita Polka Tulk Blues Band, wakajiita Earth, wakakuta kuna bendi ingine inaitwa Earth, ndio wakachukua jina la filamu ya kutisha, wakishangaa mbona watu wanalipa pesa zao waogopeshwe. Hiyo ndio siri yote ya hilo jina. Mwisho wa 1968, wakiwa bado Earth, Iommi akawaacha kidogo akaenda kwa bendi ya Jethro Tull, akarudi baada ya muda mfupi tu, lakini alirudi na kitu alichoona huko, kwamba wale wanaanza mazoezi saa tatu asubuhi kama watu wa ofisi. Akawaambia wenzake na sisi kuanzia sasa ni saa tatu. Mheshimiwa, hiyo saa tatu asubuhi uiweke akilini, nitairudia. Oktoba 1969 waliingia studio wakarekodi albamu nzima siku moja, ikatoka Februari 1970, ikafika namba nane Uingereza. Na Julai 2025 wakarudi kupiga shoo ya mwisho palepale Aston, kwa uwanja wa Villa Park, Ozzy akiimba akiwa ameketi kwa kiti, na kabla mwezi kuisha akafariki. Siku hiyo kwa kisiagi hatukupiga kitu, tuliketi tu kwa magunia.

Mbona nimeyaeleza haya yote kwa mtu mwenye shughuli nyingi kama wewe? Ni juu ya wa gitaa wetu. Mwaka wa 2024 alikuwa anakata chuma cha dirisha, hakuwa amepewa glavu, grainda ikaruka ikampitia kidole cha pete. Akakaa miezi mitatu haji kwa kisiagi, ukimpigia hashiki, akauza hata amplifaya yetu bila kutuambia. Hatukugombana. Wa besi ndiye alienda akaketi naye, akamwonyesha kwa simu hiyo habari ya Iommi, na hakusema neno lingine, akaondoka.

Kofia ya kwanza wa gitaa alitengeneza na chupa ya soda, ikayeyuka ikawa kama pipi. Ya pili ilikuwa kubwa, ilikuwa inaruka katikati ya wimbo tunaitafuta kwa unga. Ya tatu ndio hii, alitoa kwa kifuniko cha jerikeni, ndio maana ni ya manjano, akaipiga msasa siku nzima, akabandika kipande cha ngozi ya kiatu pale inashika nyuzi. Naomba uipitishe, wa drami, imfikie mheshimiwa. Ukiangalia ndani utaona alama za kalamu, ni vipimo, alikuwa anaipunguza kidogo kidogo hadi ikakaa. Ishike tu, haina shida.

Shoo yetu ya kwanza ya kutoka ilikuwa Kisumu, mwezi wa nane mwaka jana. Kondakta alituangalia akasema ile ngoma kubwa italipa siti, na ikalipa, ikakaa karibu na dirisha kutoka hapa hadi Kisumu, wa besi akasimama inama kuanzia Kericho juu kuna mtu alipakiwa zaidi. Tukafika, watu wakaanza kuitisha benga. Wa gitaa hakusema kitu, akaanza mstari wa benga, ule wa nyuzi nyembamba unakimbia, lakini kwa ile sauti yetu chafu, wa drami akaingia kwa nguvu, wazee wawili hapo mbele wakasimama, na mmoja alikuja baadaye akatuambia, "Hii ni benga imekasirika." Hatujawahi pata sifa inaishinda hiyo. Malipo nayo hatukupata. Yule aliyetualika alisema anaenda kutoa pesa kwa wakala, simu ikawa mteja mpaka leo, tukalala steji ya matatu, asubuhi mama akatutumia nauli.

Na hapo ndio unaona mweka hazina wetu ni nani. Pesa ya bendi iko kwa simu ya mamangu juu hatuna akaunti, hatuna akaunti juu hatujasajiliwa, hatujasajiliwa juu hatuna jina. La kwanza tulipeleka kwa ofisi fulani tukaambiwa kuna kikundi cha kufuga kuku kinalitumia. La pili lilirudi bila maelezo. La tatu tumegombana wenyewe kwa wenyewe.

Mheshimiwa, hatukuombi pesa, najua umeshangaa. Tangu Nakuru ikuwe jiji hiyo Desemba 2021 watu wanaongea majumba na barabara, sawa, lakini tunaomba kitu kidogo. Hii holi tuliyoketi ndani iko na kufuli Jumatatu hadi Ijumaa. Tunaomba ufunguo, saa tatu asubuhi hadi saa sita, siku mbili kwa wiki. Saa hizo watoto wako shule, wakubwa wako kazini, kelele haitapata mtu. Wa gitaa ameongea na mdosi wake ataingia saa saba. Stima tutanunua tokeni wenyewe, holi tutafagia, na tutafagia kweli si kama vile wa drami alikuwa anafagia. Ile soketi ya huko nyuma inatoa cheche, fundi tunaye, tunaomba tu ruhusa aiguse.

Na vijana wengine wanaojifunza gitaa kwa simu hapa mtaani, tunajua kama saba, watakuja pia, kisiagi hakiwezi kuwatosha.

Tumemaliza. Asante kwa kuja na kwa kutusikiliza, asante pasta kwa kutotoka. Sasa tutapiga nyimbo mbili, ya kwanza ndio hiyo benga imekasirika. Mheshimiwa, ukimaliza kuiangalia hiyo kofia ya kidole tunaomba irudi kwa mwenyewe, juu wimbo hauwezi kuanza bila hiyo.